Juu Yenu

Mwalimu Casimir alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na midomo ya wanafunzi wake. Vijana wa darasa la tano walinyweshwa Kifaransa tangu walipoanza kusoma, na kila walipolifikia neno la Kiingereza lenye sauti ya «u», midomo yao ilichongoka mbele kama ya mpishi anayepuliza makaa. Asubuhi ile ya Novemba mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kuulainisha udongo mwekundu wa Lubumbashi, mji ambao Wazungu waliuita Elisabethville. Casimir aliyafungua madirisha yote ili hewa iingie, akalisimamisha darasa zima.

«Musipulize,» akawaambia. «Hakuna moto hapa. Muachie sauti itoke, sawa muntu anaita mwenzake ng'ambo ya muto. Yuu.»

«Yü,» wakajibu kwa pamoja, na midomo ikachongoka ile ile.

Shairi lenyewe lilikuwa fupi, la beti tatu, lisilo na jina la mtunzi. Casimir alilipokea kwa mdomo kutoka kwa bibi mmoja wa misheni huko Rodeshia, zamani alipokuwa akisomea ualimu. Mama amesimama mlangoni. Mwanawe anakwenda milimani kuchunga kondoo wa watu. Mama hana cha kumpa ila dua. Umande uwe juu yako, asema. Nuru iwe juu yako. Na katika ubeti wa mwisho anayainua macho, akawaona na wale wanaomngoja mwanawe njiani, asiowajua, akawaombea nao amani. Kila ubeti ulikomea kwenye maneno mawili yale yale, on you, kama kina cha mwisho ambacho watunzi wa tenzi hukirudia ubeti hata ubeti, sikio likazoea kukingoja.

Chileshe, kijana mrefu wa dawati la nyuma, aliinua mkono. «Mwalimu, hii you ya mwisho, iko muntu mumoja ao bantu mingi?»

Casimir alifurahi. Hilo ndilo swali alilokuwa akilitegea tangu wiki iliyopita. «Kiingereza hakichagui, Chileshe. Mumoja, mingi, neno ni moja. Mwenye kusoma njo anachagua. Weye unachagua nini?»

«Mingi,» akasema Chileshe. «Juu ya bale bengine beko njiani.»

«Basi, tuongoze.»

Chileshe akaongoza, na darasa likaitikia kwa sauti iliyovuka madirisha, ikavuka uwanja, ikafika barabarani: «On yü! On yü! On yü!»

Sasa, ewe msomaji, katika mji ule mwaka ule wa 1961, neno hilo lilikuwa na maana moja tu. ONU ndilo jina la Kifaransa la Umoja wa Mataifa, na watu walilitamka vivyo hivyo, midomo ikiwa imechongoka. Askari wao wenye kofia za buluu walikuwa wamepigana mwezi wa Septemba na jeshi la Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo. Palikuwa na nyumba ambazo matanga yalikuwa bado hayajaondoshwa. Na hao wenye kofia za buluu walisema Kiingereza. Ukutani mwa shule, vijana wa chama kilichotawala Katanga waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza.

&nbsp;

Mkurugenzi wa shule, Bwana Gérard, Mbelgiji aliyekonda tangu uhuru, alimwita kabla ya adhuhuri. Alipoingia, Casimir alimkuta Zéphirin, mmoja wa wale vijana wa chama, ameketi juu ya ukingo wa meza, na wenzake wawili wamesimama mlangoni. Baiskeli aliyokuja nayo Zéphirin ilikuwa imeegemezwa ndani ya ofisi, kwenye kabati. Casimir aliitambua baiskeli ile kwa tandiko lake lililoshonwa kwa waya mwekundu. Ilikuwa ya Rigobert, jirani yake, Mluba wa Kasai kama yeye, wa kabila lililodhaniwa kuwa upande wa ONU, aliyetolewa nyumbani mwake kwa mapigo mwezi wa Septemba, akaondoka kwa miguu huku amembeba mama yake mgongoni.

«Bonjour, Mwalimu,» akasema Zéphirin. «Unanikumbuka? Ulinipaka zéro ya anglais, Kiingereza yako.»

«Ninakukumbuka.»

«Leo nilisikia anglais yako muzuri, hata bila dictionnaire. Bana ba masomo banalia: Onu, Onu, Onu.»

«Haikuwa Onu,» akasema Casimir. «Ilikuwa on you. Ni shairi ya mama na mutoto wake.»

Zéphirin aliwageukia wenzake. «Munasikia? Anasema haiko Onu, iko Onu.» Nao wakacheka, na kusema kweli, hata Casimir aliona kwamba utani ule ulikuwa na makali.

Bwana Gérard hakucheka. Alisema kwa Kifaransa, na Casimir akaliona lile badiliko. Tangu uhuru, mkurugenzi alikuwa amejifunza kumwambia vous, kama anavyoambiwa mtu mzima mwenye heshima. Siku ile, mbele ya vijana wale, alirudi kwenye tu, neno la kuitia watoto na watumishi wa jikoni.

«Jumamosi wazazi watakusanyika uwanjani,» akasema. «Wewe utasimama, utasema umekosa, utaomba radhi. Jumatatu utafundisha sarufi. Sarufi peke yake.»

«Nimekosa nini, Monsieur le Directeur?»

«Hilo utalitafuta mwenyewe kabla ya Jumamosi.»

Zéphirin alishuka mezani. «Miye siko mubaya, Mwalimu. Kama hautaki kuomba samahani, basi utuelezee shairi yako mu Kiswahili, mbele ya bazazi bote. Kama ni mama na mutoto, tutasikia mama na mutoto. Kama haiko vile, utaacha masomo, utaacha na nyumba ya masomo, kwenye unalala. Bandugu zako banajua kwenye kwenda.»

Akaikokota baiskeli hadi nje, taratibu. Kila mtu alijua Waluba wa Kasai waliokosa nyumba walikwenda wapi. Kulikuwa na kambi nje ya mji, maturubai na vibanda vya nyasi juu ya udongo mtupu, maelfu ya watu chini ya ulinzi wa zile kofia za buluu.

&nbsp;

Habari hutangulia miguu. Mkewe Casimir, Ngalula, alikwenda sokoni jioni ile na beseni, akarudi nalo tupu. Muuza unga aliyemzoea miaka mingi alimwambia unga umekwisha, na gunia lilikuwa wazi baina yao, limejaa hata mdomoni. Ngalula hakubishana. Alisema, «Sawa, mama,» akageuka, akasikia nyuma yake mtu mwingine akipimiwa.

Usiku ulipoanza kuingia, jirani yao Mama Marie-Thérèse, mke wa mtu wa reli, mzaliwa wa Katanga, alipita mlango wa nyuma. Alifungua kitenge chake, akatoa kifuko cha unga, akakiweka juu ya meza pasipo kuketi.

«Mama Delphine, nilichukua kwa jina yangu,» akamwambia Ngalula.

Ngalula alikitazama kifuko. «Miye na weye tunachota maji ku robinet moja tangu bana beko badogo. Leo unaniletea unga chini ya kitenge, sawa bangi?»

«Bwana yangu anaogopa. Na miye ninaogopa.» Marie-Thérèse alimgeukia Casimir. «Mwalimu, uombe samahani tu. Samahani haitoboe kinywa.»

Nyumbani mle, tangu Septemba, watu walikuwa wameacha kusema Kiluba kwa sauti. Hata chumbani Casimir na mkewe walinong'onezana kwa Kiswahili cha mji, kama wageni waliopanga kitanda kimoja. Binti yao Delphine, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ameacha hata kuuliza kwa nini.

«Nikiomba samahani,» akasema Casimir, «ni kusema ilikuwa Onu kweli. Na Chileshe njo aliongoza sauti. Batamufanya nini yeye?»

«Chileshe eko na baba yake, eko na mama yake, eko na kwao,» akajibu Ngalula. «Batamupiga kofi mbili, atalala kwao. Delphine atalala wapi?»

Ngalula alichemsha maji ya bukari, ule ugali wa mji, akatia unga na kuanza kusonga. Kisha akasema, pasipo kugeuka:

«Sawa, utafasiri. Shairi haina mubaya, uliniimbia miye hii shairi mbele tuoane, ninaijua. Lakini ninakuomba kitu kimoja, Baba Delphine. Usiseme mingi. Weye ukianza kueleza, haumalizi. Useme beti tatu, ukae chini.»

«Beti tatu,» akasema Casimir. «Halafu nitakaa chini.»

«Uape.»

Akaapa.

&nbsp;

Jumamosi madawati yalitolewa uwanjani, na wazazi wakaketi madawatini mwa watoto wao, magoti yakiwa yamepanda juu. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Naviundu. Bwana Gérard alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Zéphirin alisimama pembeni, mkono mmoja juu ya tandiko la baiskeli. Ngalula alikuwa mwisho wa safu ya nyuma, amemshika Delphine kifundo cha mkono, na baina yake na mama aliyefuatia paliachwa nafasi ya watu wawili.

Casimir alisimama. Hakueleza kitu. Aliufasiri ubeti wa kwanza katika Kiswahili cha mji, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama iko ku mulango. Mutoto anaenda ku milima. Mama hana feza, hana nguo ya kumupa. Anasema, umande iwe juu yako.

«Eh, maskini,» akasema mama mmoja wa mbele. Naye alikuwa na mwana jeshini.

Ubeti wa pili: nuru iwe juu yako. Wanawake walitikisa vichwa. Casimir aliona nyuso zikilainika moja baada ya moja, na ndani ya kifua chake kikaamka kile kitu alichokipenda kuliko mshahara, pale darasa linapoacha kuwa darasa na kuwa masikio. Akausema ubeti wa tatu: na bale banangojea mutoto njiani, mama hababajui, lakini nao anababariki. Amani iwe juu yenu.

Kisha akakaa chini, kama alivyoapa.

Mzee Bwalya, baba yake Chileshe, aliinuka. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu katika barabara ya Kasomeno, mtu wa sala tano, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa hata ikawa nyepesi kama karatasi. «Hii maneno tunaijua,» akasema. «Ku musikiti tunasalimiana vile kila siku. Mumoja anasema amani iwe juu yenu, mwengine anajibu, na juu yenu vilevile. Salamu ile haikuanza na Onu. Kama ni kosa, munifunge na miye, na musikiti yote.»

Watu wakacheka, kicheko cha wenye kutua mzigo. Bwana Gérard alitoa kitambaa akajifuta shingo. Ngalula aliachia mkono wa mtoto, na Delphine akajisugua mahali palipobanwa.

Na hapo ndipo Zéphirin aliposema, taratibu, kama anayewaza: «Mungoje kwanza. Amani iko juu ya nani?»

Akaisogeza baiskeli hatua moja mbele.

«Mwalimu alisema amani iko juu yenu. Juu yetu, basi.» Akawazungukia kwa macho. «Kama mutoto anaanguka, munauliza: juu ya nini? Kama sahani inapasuka, munasema: ni juu yako. Njo vile tunasema hapa. Sasa Muluba anatoka Kasai, anakula mukate ya Katanga, analala mu nyumba ya Katanga, anakuja kutuambia hapa, mbele ya bana betu, amani iko juu yetu. Ni kusema kama amani haiko, ni juu yetu. Bale balikufa mu Septemba, ni juu yetu.»

Neno lile, lililokuwa baraka kitambo kidogo kilichopita, lilipinduka mbele ya macho ya watu kama samaki anayepinduliwa kikaangoni, na upande wa pili ulikuwa umeungua. Mama aliyesema «maskini» alimtazama Casimir kana kwamba amemwibia. Mzee Bwalya alirudi kuketi. Alijua Kiswahili kile sawa na wote. Ndicho alichouzia samaki.

Bwana Gérard, asiyejua Kiswahili ila cha kuagizia chai, aliuliza kwa Kifaransa kinasemwa nini.

Chileshe, nyuma ya bega la mwalimu wake, alinong'ona: «Useme kwenu, Mwalimu. Amani kwenu.»

Kijana alisema kweli. Kwenu lilikuwa neno zuri, safi, lisilo na upande wa pili. Kama mwanafunzi angeliandika kwenye mtihani, Casimir angelipigia alama ya sahihi pasipo kusita. Neno moja la silabi mbili, na nyumba inabaki, na kifuko cha unga kinaingia kwa mlango wa mbele. Alimwona Ngalula akimtazama kwa macho yaliyosema yote hayo. Akainuka. Akafungua kinywa.

«Sahihisha, Mwalimu,» akasema Zéphirin kwa upole. «Weye unasahihisha bantu kila siku.» Naye, pasipo kufikiri, kwa kidole gumba akaichezea kengele ya baiskeli. Ikalia mlio mwembamba, ule ule uliokuwa ukilia mlangoni mwa Casimir kila jioni, Rigobert aliporudi kazini akiwasalimu watoto wa jirani.

Casimir aliusikia mlio ule ukiisha. Akatazama madawati yote. Humo mlikuwa na waliofunga milango yao Septemba wasisikie kelele, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikuwa amezima taa, akamziba Delphine masikio.

«Hakuna kosa,» akasema. «Nilisema juu yenu. Na juu yangu, vilevile. Inabaki vile.»

Hapana aliyerusha jiwe. Watu waliinuka kimya, na wanafunzi wakaanza kuyarudisha madawati ndani, maana matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka. Bwana Gérard alimfikia Casimir chini ya upenu. Alimwambia vous. «Mtaniachia ufunguo wa nyumba leo jioni, Monsieur Casimir,» akasema, na heshima ile ikamchoma kuliko dharau ya juzi.

&nbsp;

«Kwenu. Juu yenu.» Ngalula alikuwa akikunja nguo juu ya kitanda, akizisema zile sauti mbili kama anayepima unga. «Ulikuwa na mudomo ya kuchagua. Miye nilikuona. Mudomo ilikuwa wazi.»

«Ilikuwa wazi.»

«Na uliniapia.»

«Nilikuapia beti tatu. Nilisema beti tatu.»

«Usinifanyie masomo, Casimir.» Hakuwa amemwita kwa jina tangu Delphine alipozaliwa. «Rigobert alirudishiwa baiskeli yake?»

«Hapana.»

«Bale bantu, batabadilika?»

«Sijui. Hapana.»

«Basi uniambie, ulinunua nini na nyumba yangu?»

Casimir alikaa ukingoni mwa kitanda kilichovuliwa shuka. Alitafuta, na yeye alikuwa mtu wa maneno. Alitaka kumwambia kwamba yapo maneno ambayo mtu akiyasahihisha huwa amejifuta mwenyewe. Lakini aliona kwamba hilo lingekuwa neno la darasani, nalo halifuniki mtoto usiku. «Sikununua kitu,» akasema mwishowe. «Nilishindwa tu kusema ile nyingine.»

Ngalula alisimama na gauni la Delphine mikononi. Akalikunja, akalifungua, akalikunja tena. «Godoro utabeba weye,» akasema.

Walitoka wakati mvua ilipopumzika. Mama Marie-Thérèse alikuwa kwenye bomba la maji, na kando yake wanawake wengine. Alimwona Ngalula, akainamisha kichwa juu ya ndoo yake iliyokwisha kujaa, maji yakafurika na kumwagika miguuni pake, naye hakuufunga mfereji wala hakuinua uso mpaka walipopita. Ngalula hakumlaumu. Palikuwa na macho mengi pale.

&nbsp;

Lango la kambi lilikuwa ni mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili. Nyuma yake moshi wa mioto isiyohesabika ulikuwa umelala juu ya maturubai, na harufu ya watu wengi ikawajia kabla ya sauti zao. Delphine alimshika mama yake kitenge. Askari aliyelinda alikuwa kijana mwekundu wa uso, kofia ya buluu imemshuka hata kwenye nyusi, na maji ya mvua iliyopita yalikuwa yakimdondoka puani.

Alisema kitu.

Ngalula alimtazama mumewe. Hata katika hasira yake, hili moja lilikuwa limembakia: hapa, angalau, wapo watakaosema naye, na mumewe atasimama kama mtu mwenye elimu yake, ataomba mahali pakavu kwa ajili ya mtoto.

Casimir aliliweka godoro chini. Akajinyoosha. Aliyapanga maneno kwa Kiingereza kile cha bibi wa misheni, kila sauti mahali pake, midomo isichongoke. «Habari za jioni, bwana,» akasema. «Tunaomba hifadhi, mimi na mke wangu na mtoto wetu.»

Askari alimkodolea macho, akasema tena, haraka, maneno yakiwa yametafunwa na kumezwa nusu. Huenda kilikuwa Kiingereza cha nchi nyingine. Huenda kilikuwa Kiingereza cha mtu ambaye naye alifundishwa na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu. Casimir aliinama mbele. Aliitazama midomo ya kijana yule kama alivyozoea kuitazama midomo ya darasa la tano, akingoja neno moja alijue, moja tu, apate pa kushika.

«Anasema nini?» akauliza Ngalula.

Askari alirudia mara ya tatu, sasa kwa sauti ya juu, kama watu wanavyowasemesha viziwi.

«Anasema nini, Baba Delphine?»

Mvua ilikuwa imeanza tena, nayo ikawanyeshea wote wanne sawasawa.

«Sijui,» akasema Casimir.

Ngalula aliuona uso wa mume wake, na maji yakitiririka juu yake, na hakuuliza maji yale yalitoka wapi. Kisha akainama, akashika upande mmoja wa godoro.

«Mkono wake unaonyesha ndani,» akasema kwa Kiluba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye nyumbani kwake. «Shika huko. Mtoto analowa.»